Ukuta wa Upande wa Bahari

3 Machi

Dada yangu,

Nimefika salama, ila kiuno changu nimekiacha njiani. Huyu dereva wetu sijui nani alimpa jina la Breki, maana hajawahi kuzigusa. Makabati ya chini yote yamefika bila mkwaruzo. Mimi ndiye niliyekwaruzika.

Simu haishiki huku. Mlima umekaa katikati yetu na mnara, kwa hiyo tutaandikiana tu kama watu wa zamani. Breki atakuwa anabeba barua kila akileta mzigo.

Nyumba yenyewe ni nzuri, sikatai. Imejengwa peke yake juu ya kilima, na upande wa bahari kilima kimekatika ghafla, kama keki iliyokatwa kwa kisu. Jiko ndicho chumba cha mwisho kabisa. Ukifungua dirisha huoni ua wala uzio, unaona maji tu. Sasa nimeelewa kwa nini ulichora vile. Ile rangi yako ya maji ya kina kifupi, mbao zilizopaushwa kama zimekaa kwenye chumvi, vishikio vya kamba, vioo vya kijani hafifu: nilipokuwa karakana niliona ni mapambo ya kumfurahisha tajiri. Hapa nimesimama na mchoro mkononi nikasema, hee, dada anajua kazi.

Mteja amekuja kunipokea. Nimempa jina, Tabasamu, maana meno yake hayapumziki. Aliniambia, "Fundi, nataka mtu akiingia humu asahau ukuta kabisa. Aone bahari tu." Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yetu.

Vipimo nimevichukua mara tatu, usiwe na wasiwasi. Ukuta wa upande wa bahari, kona hadi kona, ni mita nne na sentimita kumi na mbili. Kitu kimoja tu: kuta nyingine zimepakwa rangi mkono mmoja. Huo umepakwa mitatu, na bado unanuka.

Mdogo wako,
Milimita


9 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi umefika. Kula vizuri, usiishi kwa chai na soda kama ulivyofanya kwenye kazi ya shule.

Breki anakuletea kabati kubwa la upande wa bahari, lile la kutoka sakafuni hadi darini, lenye nafasi ya dirisha. Tumelikata kwa vipimo vyako. Nisikilize vizuri hapa. Mgongoni lipigwe ubao mzima, usiache tundu hata la waya. Pande zote ufunge na silikoni, juu na chini. Mteja anataka pasionekane mwanya wowote kati ya kabati na ukuta. Najua kwa kawaida tunaacha nafasi ya hewa. Safari hii usiache. Ndivyo anavyotaka, na yeye ndiye mwenye nyumba.

Anapanga kujenga nyumba kumi na mbili kwenye barabara hiyo hiyo, na kila moja itahitaji jiko. Ameniambia kwa mdomo wake kwamba zote ni zetu tukimaliza hii vizuri. Unajua tangu ile hoteli ituache karakana imekuwa kimya. Wale mafundi saba kila asubuhi wananisalimia huku wananitazama usoni, wanataka kusoma kama kuna kazi. Kwa hiyo tafadhali, mdogo wangu. Unakumbuka jiwe la ile hoteli, tundu la sinki ulivyolikosea. Sikukumbushi kwa ubaya. Pima, kisha pima tena.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Kabati halijaenea.

Najua uso uliokunja sasa hivi, lakini soma mpaka mwisho. Tulilisimamisha mimi na Breki, likakaa, nikalibana kona ya kushoto. Kona ya kulia ikabaki wazi, mwanya wa vidole viwili. Nikachukua tepu, nikapima kabati: sawasawa na karatasi yako. Nikapima ukuta. Mita nne na sentimita kumi na tano.

Nilipima mara tatu tarehe tatu. Breki alikuwa ameshika ncha ya tepu, muulize. Anasema, "Mimi nilishika pale pale uliponiambia."

Kuna na jingine. Makabati ya chini niliyasawazisha Jumatatu, pima maji ikakaa katikati kabisa. Alhamisi nimeiweka tena, povu limehamia upande wa nchi kavu. Maana yake upande wa bahari umeshuka. Nikailaumu pima maji, nikaigeuza, nikaiweka juu ya meza ya sebuleni. Sebuleni iko sawa.

Niambie nifanye nini. Mimi naona tumuulize mtu wa majengo kwanza.

Milimita


21 Machi

Milimita,

Ukuta hautembei. Anayetembea ni wewe, na akili yako iko kila mahali isipokuwa kwenye tepu.

Nimewasimamisha watu kazi nyingine ili wakukatie vipande vya kuzibia. Breki anavyo. Viko vinne, upana tofauti, uchague kinachoingia. Rangi ni ile ile. Ukimaliza kufunga hakuna atakayejua.

Mtu wa majengo wa nini? Tumeitwa kutengeneza jiko. Mama alipokukabidhi kwangu alisema huyu ana mikono mizuri ila anapenda kutafuta sababu. Nisingependa kuyarudia maneno yake, lakini ndiyo haya.

Funga kabati. Mteja ana wageni mwanzoni mwa mwezi ujao.

Dada


29 Machi

Dada,

Sitaki kugombana nawe kwa karatasi. Nitakueleza tu nilichokiona, kwa mpangilio, nawe utanijibu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimelisogeza kabati, natoboa ukuta ili niweke vyuma vya kulishikilia. Keekee ikazama kama imeingia kwenye mkate. Nilipoichomoa, lipu ikabanduka kipande kikubwa kama sinia. Nyuma yake kuna ufa. Unaanzia sakafuni, unapanda kwa kukatakata hadi karibu na dirisha. Mtu aliujaza saruji, saruji ikapasuka. Akaujaza tena, ikapasuka tena. Juu ya yote hayo ndipo ikaja ile mikono mitatu ya rangi.

Nikafanya kile alichonifundisha marehemu baba. Nilichukua kipande chembamba cha kioo, mabaki ya milango yako, nikakibandika kwa gundi juu ya ufa, nusu upande huu na nusu upande ule. Pembeni nikaandika tarehe na saa. Baba alikuwa akisema ukuta uliotulia unakaa na kioo chake hata mwaka. Jumatano mchana nilikuwa nimekaa sakafuni nakula. Hakuna upepo, hakuna gari, bahari imelala. Nikasikia "tik," sauti ndogo tu. Kugeuka, kioo kimekatika katikati.

Tabasamu alikuja jioni ile. Nikamwonyesha. Nilidhani atashtuka. Aliutazama ufa kama mtu anayemtazama ndugu yake aliyezoea kuja kuomba chumvi. Akasema, "Fundi, hilo ndilo tunalolifunika."

Nikamwambia, "Mzee, huu ufa unatembea."

Akacheka. "Kwani dada yako hakukwambia? Mbona yeye aliuona?"

Kisha akafungua faili lake akanitolea karatasi. Mchoro wa jiko hili, Dada. Mwandiko wako, tarehe kumi na nane Januari. Na kwenye ukuta wa upande wa bahari kuna mstari mwekundu, umeuchora kwa penseli yako ile, kutoka sakafuni hadi karibu na dirisha. Pembeni umeandika: kabati refu hapa.

Kumbe ulikuja huku Januari. Mimi uliniambia umekwenda kuangalia mashine ya kukatia mbao.

Sasa nakuuliza mara moja tu. Uliponiandikia kwamba anayetembea ni mimi, ulikuwa unajua?

Mdogo wako


3 Aprili

Mdogo wangu,

Nilikuwa najua.

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana, kwa hiyo naanza na hilo ili nisiweze kurudi nyuma.

Januari ufa ulikuwa mwembamba kama uzi. Naapa. Mteja aliniambia ni lipu tu, nyumba mpya zote hufanya hivyo zikikauka, na mimi nilitaka kuamini, nikaamini. Alisema anataka jiko litakaloufunika vizuri ili mnunuzi asije akaogopa kitu kisicho na maana. Nikachora. Na nikiwa nachora, mdogo wangu, mchoro ulikuwa mzuri. Sijachora kitu kizuri kama kile tangu nianze kazi. Labda hilo ndilo lililonipofusha zaidi ya zile nyumba kumi na mbili.

Ulipoandika kwamba ukuta umeongezeka nilikaa na barua yako mbele ya mafundi, nikaikunja wasiisome. Nikajua. Halafu nikakuandikia yale. Ilikuwa rahisi kwangu wewe uwe mzembe kuliko ukuta uwe unatembea. Nisamehe kwa maneno ya Mama. Mama hakusema vile. Alisema una mikono mizuri, basi.

Lakini fikiria na mimi. Ukuta hatukuujenga sisi. Nyumba hatuuzi sisi. Sisi ni watu wa makabati. Tukikataa leo, kesho ataleta karakana nyingine na ufa utafunikwa vilevile, ila watakaokaa bila kazi watakuwa ni watu wetu. Mnunuzi ni mtu mzima, ataleta mtaalamu wake.

Maliza, funga, urudi nyumbani. Ukirudi tutazungumza. Nitakupikia.

Dada yako


5 Aprili

Kwa Mama Mwenye Karakana,

Hunifahamu. Anwani yako nimepewa na bwana aliyetuuzia nyumba. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, nimefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na sasa nimehamishiwa hospitali ya mji ulio karibu na nyumba hiyo. Ninaishi na baba yangu. Alikuwa mwokaji mikate. Macho yake yamekwisha, anaona mwanga na kivuli tu, lakini mikono yake bado inataka kazi.

Nimekuandikia kukushukuru. Tulikwishaangalia nyumba sita. Hii ni ndogo kuliko zote, na iko mbali. Lakini bwana yule alitandaza mchoro wako mezani, nikaanza kumweleza baba: hapa kuna kaunta ya jiwe, pembe zake ni za mviringo, hapa kuna kabati refu kuanzia chini hadi juu, vishikio vyake ni kamba. Baba akasema, "Kamba? Kwa hiyo nitavijua kwa mkono." Nikaona amenyooka kwenye kiti. Nina muda mrefu sijamwona akinyooka. Nikatia sahihi siku ileile. Wenzangu wananicheka, wanasema nimenunua jiko na kupewa nyumba bure.

Ombi langu ni moja. Kama sijachelewa, kaunta ya karibu na kabati refu ishushwe kidogo. Hapo ndipo atakapokuwa anakaa kukanda unga, ameshachagua mwenyewe, anasema anataka ukuta mgongoni na bahari sikioni. Kesho tunapelekwa kuona kazi inavyomaliziwa. Tunahamia tarehe kumi na saba.

Ukipenda kunijibu, andika kwa anwani ya nyumba mpya, maana hii ya sasa naiacha.

Ni mimi,
Muuguzi


8 Aprili

Mdogo wangu,

Achia kila kitu usome barua niliyoiambatanisha. Imetoka kwa mnunuzi.

Umeona? Hana mtaalamu. Ana baba kipofu, na amenunua nyumba kwa sababu ya mchoro wangu. Mzee atakaa chini ya kabati lile, mgongo wake ukutani.

Toa kabati. Toa ubao wa mgongoni, bandua lipu yote, acha ufa wazi mtu yeyote aingiaye auone. Tabasamu akija juu mwambie ni amri yangu, na zile nyumba zake kumi na mbili akae nazo. Kama umeshafunga, fungua. Usilale chumba hicho. Kazi ikiisha toka nje, unisubiri, nakuja.

Umekuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Dada yako


11 Aprili

Dada Bosi,

Shikamoo. Mimi si mwandishi, nitasema kifupi. Barua yako kwa Milimita narudi nayo. Sikumkuta. Nyumba imefungwa kufuli, nimechungulia dirishani, jiko liko tayari, linameremeta, hata kamba zimefungwa. Mama wa duka la chini anasema kijana wako alipita na begi tarehe saba, amepanda basi, hakuaga mtu. Alikuwa amemwachia barua ya kukupa wewe, ndiyo hii.

Kitu kingine ambacho labda si changu kusema. Njia ya kupandia kule juu, pale ninapogeuzia lori, imeweka mkunjo kama zulia. Wiki jana haukuwepo.

Dereva wako,
Breki


7 Aprili

Kwa Mkurugenzi wa Karakana,

Kazi imekamilika leo kama ulivyoagiza. Kabati refu limefungwa kwa skrubu ishirini na nne, silikoni pande zote, vipande vya kuzibia vimeingia. Hakuna mwanya. Hakuna atakayejua.

Kaunta nimeishusha kwa ombi la mnunuzi.

Sitarudi karakana. Vifaa vyangu mgawie yeyote. Niko kwa shangazi, usije.

Fundi


12 Aprili

Mama Muuguzi,

Tafadhali usihamie kwenye nyumba hiyo. Kama umeshahamia, mtoe mzee jikoni sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Nyuma ya kabati refu nililochora kuna ufa mkubwa. Ukuta unasogea kuelekea baharini, na kilima chini yake kinashuka. Nilijua kabla hujanunua. Nililichora kabati lile ili lifiche. Mdogo wangu aliniambia mara tatu nikamwita mzembe.

Chukua bisibisi, fungua skrubu, toa ubao wa mgongoni, utaona mwenyewe. Kisha nenda ofisi ya ujenzi ya mji na barua hii. Nitakuja kusema mbele ya yeyote.

Sikuombi msamaha kwa sasa. Nakuomba utoke.

Mwenye karakana


19 Aprili

Kwa Rafiki yangu Mchoraji,

Salamu nyingi. Mlango wa sanduku la barua la nyumba ile bado una ufunguo mmoja, nao uko mfukoni mwangu mpaka mama yule apate wasaa wa kuja kuuchukua. Nakurudishia hii barua yako. Nadhani uliiandika ukiwa umechoka.

Wamehamia juzi. Mzee amefurahi sana, ameoka mikate, nami nimepata mmoja. Jiko linasifiwa. Kila anayeingia anaulizia aliyelichora, nami nawaonyesha jina lako, maana umelitia kwenye uso wa droo ya kwanza, kwa madaha kabisa. Na mchoro wa Januari, ule wenye mstari mwekundu, ninao. Nautunza vizuri.

Kwa hiyo nakushauri tupumzike sote. Bahari imekuwa shwari mwezi mzima.

Wako,
Mwenye nyumba wa zamani


26 Aprili

Mdogo wangu,

Najua ulisema nisije, na sikuja. Lakini hukusema nisiandike.

Nilikuwa nimemwandikia Muuguzi badala ya kwenda, kwa kuwa niliogopa kumtazama usoni. Siku ile ile Tabasamu aliponirudishia barua hiyo nilimtafuta Breki, tukaondoka. Safari nzima sikumwambia apunguze mwendo. Tulifika tarehe ishirini na moja, kama saa tano asubuhi. Ule mkunjo wa barabarani ulikuwa umepasuka. Breki aliacha lori chini, tukapanda kwa miguu.

Muuguzi alikuwa kazini. Mzee mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, unga mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia mimi ndiye niliyechora jiko. Ungemwona! Alinishika mkono akaniingiza, akaanza kunionyesha jiko langu mwenyewe, anapapasa kishikio kimoja kimoja: hapa sukari, hapa hamira, hapa chumvi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini nilimwacha afike mpaka kishikio cha mwisho.

Nikamwambia, "Mzee, inabidi utoke nje."

"Kuna nini?"

"Ukuta huu si mzima."

Akarudi kwenye kaunta yake. Kisha akasema, "Mwanangu, unga wangu ndiyo kwanza unaumuka. Nipe nusu saa."

Nikatoa bisibisi. Breki akashika juu, mimi nikaanza kufungua skrubu. Ulizikaza, mdogo wangu. Kila moja ilinitoa jasho. Mzee amekaa palepale kwenye kaunta uliyomshushia, anakanda, ananiuliza habari za mbao, kama vile nimekuja kurekebisha bawaba. Tulipotoa ubao wa mgongoni, upepo uliingia ndani ya kabati ukapuliza unga wote mezani. Ufa haukuwa ule uliouona. Niliingiza mkono mpaka begani. Upande wa pili sikugusa kitu.

Mzee aliacha kukanda. Bahari ilikuwa inasikika dirishani, na sasa ilikuwa inasikika na ukutani, nyuma ya kichwa chake. Akageuza sikio huko, akageuza tena huku. Akasema taratibu, "Nipe mkono." Tukatoka, mkono wake mmoja kwenye bega langu, bakuli la unga kifuani, hakukubali Breki alibebe.

Muuguzi alirudi saa tisa, akatukuta tumekaa chini njiani, karibu na lori. Nilimpa barua ile iliyorudishwa. Aliisoma akiwa amesimama, na sare yake ya kazi. Alipomaliza akaikunja mara mbili.

"Wewe ulijua kabla sijatia sahihi," akasema.

"Ndiyo."

"Miaka ishirini na sita nimekuwa nikiwaambia watu habari mbaya. Mtu ukimwambia mapema, analia halafu anapanga. Wewe ungeniambia mapema." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Kisha akaniambia niingie kwenye lori, twende ofisi ya ujenzi, nikaandike yote kwa mkono wangu.

Niliandika kurasa sita. Walikuja na fimbo zao na kamba zao, wakafunga njia. Jiko lilikwenda tarehe ishirini na tatu, saa saba mchana, siku yenye jua, hakuna upepo. Tulikuwa tumesimama upande wa pili wa kamba. Haukuwa mshindo mkubwa. Ukuta ulijitenga, kaunta ikafuata, na makabati yangu yale ya rangi ya maji yakashuka moja moja kama watu wanaoshuka ngazi. Vyumba vingine vimebaki vimesimama, lakini hakuna anayeruhusiwa kuingia.

Hakuna aliyeumia. Nalisema hilo kila asubuhi nikiamka.

Muuguzi na baba yake wako kwenye chumba kimoja nyuma ya hospitali. Hawana jiko, wana meza tu. Ananiruhusu nimpelekee mzee unga, lakini yeye mwenyewe hazungumzi nami. Tabasamu anatafutwa. Ofisini kwake pamebaki meza. Karakana nimeifunga mpaka shauri liishe, mafundi nimewaambia ukweli wote, wawili wameondoka bila kunipa mkono.

Kwenye yale maelezo nimeandika kwamba wewe ulinionya, na kwamba ulifunga kabati kwa sababu nilikulazimisha. Nimehakikisha lawama haikugusi. Hilo ndilo pekee nililoweza kukufanyia.

Dada yako


4 Mei

Dada,

Futa hayo uliyoyaandika juu yangu.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Shangazi ameuliza kama kuna msiba. Nikasema umetukosa kidogo tu.

Mimi nilibandika kioo cha pili. Sikukuandikia. Nilikibandika tarehe tano, baada ya kupata barua yako uliyosema kwamba ulikuwa unajua. Asubuhi ya tarehe sita kilikuwa chini, vipande vitatu. Hakikuchukua siku mbili safari hii. Nikavifagia nikavitupa dirishani.

Saa nne Tabasamu akaja nao. Muuguzi akaenda naye kuangalia vyumba vya kulala. Mzee akabaki nami jikoni. Kabati lilikuwa limesimama mahali pake lakini sijalifunga, skrubu zote ishirini na nne zilikuwa kwenye kopo. Akaniomba nimshushie kaunta, nikamkubalia. Kisha akapapasa pembeni ya kabati, akapitisha vidole vyake nyuma, penye mwanya. Akaviacha hapo.

"Fundi," akasema, "hapa kuna ubaridi unatoka ndani. Huu ukuta ni mzima?"

Dada, hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Wewe hukuwepo, Tabasamu hakuwepo. Nilichotakiwa kusema ni neno moja.

Nilikuwa na hasira nawe. Barua yako ilikuwa mfukoni. Nilisema moyoni, amenitaka nifunge, nitafunga, na siku kikitokea cha kutokea jina lake ndilo liko kwenye droo. Nilitaka kikuangukie wewe. Huyo mzee sikumfikiria kabisa, alikuwa amesimama mbele yangu na sikumwona.

Nikamjibu, "Ni upepo wa bahari, mzee."

Akatoa vidole. Akasema, "Basi. Kama fundi mwenyewe umesema." Walipoondoka nikachukua kopo la skrubu.

Umesema nilizikaza. Nilizikaza kwa makusudi, asiweze kuzifungua mtu.

Kwa hiyo hukunilazimisha. Wewe ulijua ukiwa mbali, mimi nilijua nikiwa nimeushika. Nenda kwenye ile ofisi uwaambie waache kurasa wazi, nitaandika yangu.

Nitapanda basi la Ijumaa. Usije kunipokea kituoni. Niandikie tu kwenye karatasi wanapokaa, umwachie Breki. Na mzee usimwambie kwamba nakuja. Nataka nigonge mlango mwenyewe, nimsalimie, ajue kwa sauti ni nani aliyesimama hapo, kabla sijasema lolote jingine.

Mdogo wako